Ulizeni Niwajibu: Bisi Mtini na Sweta la Mwanasesere

Shikamoo mama. Wanangu hawaishi kuangalia Coraline, katuni ya binti mwenye nywele za buluu anayepenya kimlango ukutani akamkuta mama mwingine, mwenye vifungo badala ya macho. Mimi nasema ni kompyuta tupu, baba yao anabisha kwamba ni wanasesere wa kushikika. Tuamulie. Mama Watatu, Kongwa.

Marahaba mwanangu. Baba yao kashinda. Ni wanasesere, wana viungo vya chuma ndani, na wamevishwa nguo za kushonwa. Walitengenezwa na studio ya Laika, jimbo la Oregon huko Marekani, chini ya mwongozaji Henry Selick, na filamu ikatoka 2009. Fundi anasogeza mkono wa mwanasesere kidogo sana, anapiga picha, anasogeza tena. Sekunde moja inakula picha 24, na filamu ina dakika 100. Piga hesabu mwenyewe. Tena iliandaliwa kwa miwani ya 3D, kwa hiyo kila mkao ulipigwa mara mbili, kamera ikihamishwa kidogo kwa ajili ya jicho la pili.

Nyuso zilitolewa na mashine inayochapa vitu vya kushikika, kipande cha juu na cha chini mbali mbali, ili fundi abadilishe mdomo bila kugusa paji la uso. Ule mstari wa maungio ndio uliofutwa kwa kompyuta. Kwa hiyo kompyuta ilikuwepo, ila kazi kubwa imefanywa na vidole.

Sasa niruhusu nikae kwenye sweta, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Lile sweta la buluu lenye nyota analovaa binti huyo, Coraline, limefumwa kwa mkono na Althea Crome, mfumaji wa Marekani, kwa sindano ambazo baadhi zinakaribia unywele kwa wembamba. Mimi nafuma seti za vichanga hapa Area C, na ikifika Juni upepo wa Dodoma unaniletea wateja hadi mlangoni. Oda inayonitoa jasho ni ya mtoto njiti: sindano ya milimita mbili, uzi mwembamba, kitanzi kikichomoka shingoni unakitafuta kwa tochi. Na hapo bado nashika nguo inayojaa kiganja. Yeye alifuma ya kuvaliwa na mwanasesere, tena ikapigwa picha kwa karibu ikatandazwa kwenye skrini ya ukumbi mzima, ambako kitanzi kimoja kibaya kingeonwa na kila mtu. Halafu haikutosha moja. Wanasesere wa Coraline walikuwa zaidi ya 20, ili wapigwe picha kwenye mandhari tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo sweta zilitakiwa zifanane kabisa. Anayefuma anajua: kurudia kazi yako mwenyewe bila tofauti ni kugumu kuliko kuianza. Angalieni tena anapolivaa, mtazame ukosi na mikono. Mimi pale husimamisha picha.

Dada, ni kweli yale maua ya miti kwenye Coraline ni bisi? Mwanafunzi, UDOM.

Kweli kabisa. Ni maua ya micheri: bisi zimepakwa rangi ya waridi zikabandikwa matawini. Nunua kifuko cha bisi, chukua moja uigeuzegeuze, utaona mikunjo yake ilivyokaa kama petali.

Mdogo wangu wa miaka 5 anaota vifungo usiku. Tumkataze? Halafu kitabuni simwoni yule mvulana Wybie. Msomaji, Manyoni.

Mwekeeni filamu kando kwanza, miaka 5 ni midogo kwa Mama Mwingine. Hata kwao Marekani ilipewa daraja la PG, yaani mzazi awe na tahadhari. Akikua, mwonyesheni kwanza picha za mafundi wakiwashika wanasesere, ndipo aangalie akiwa amekaa nanyi.

Wybie hayumo katika kitabu cha Neil Gaiman cha 2002. Aliongezwa kwenye filamu ili Coraline apate mtu wa kuzungumza naye. Kitabuni mwandishi anatuambia binti anawaza nini, lakini kwenye skrini angezunguka nyumba ile kimya.