Maswali na Majibu: Limeriki Haihesabiwi kwa Vidole

*Limeriki ilizaliwa Limerick, Ireland?*

Jina la shairi hili fupi la kuchekesha, lenye mishororo mitano, ndiyo. Husemwa kwamba kwenye karamu watu walitunga beti papo hapo kwa zamu, na baada ya kila ubeti wote wakaitikia kibwagizo cha kumwalika mtu aje Limerick. Kuhusu shairi lenyewe, Waayalandi hupenda kuwataja washairi wa mto Maigue wa karne ya 18: Seán Ó Tuama, mwenye kilabu cha pombe, na Aindrias Mac Craith, mteja wake, waliorushiana beti za vijembe kwa Kiayalandi. Mmoja analalamikia wateja, mwingine anaikashifu pombe yake. Watu wa malumbano wataelewa.

*Edward Lear, yule mshairi na mchoraji Mwingereza, ndiye aliyeibuni?*

Hapana. Kitabu chake kilitoka 1846, lakini beti za namna hiyo zilikwisha kuchapishwa London 1820. Lear alizieneza tu.

*Kila mshororo una mizani ngapi?*

Swali hili tena! Acheni vidole. Kiingereza hakihesabu silabi, kinasikiliza mkazo. Mshororo wa kwanza, wa pili na wa tano una mapigo matatu. Wa tatu na wa nne mawili. Silabi zisizo na mkazo huongezeka au kupungua, na hakuna anayegombana. Mnaonitumia beti za "nane kwa nane" mnanitumia shairi jingine kabisa.

*Na vina?*

a, a, b, b, a: mshororo wa kwanza, wa pili na wa tano kina kimoja, wa tatu na wa nne kingine. Ila kina chao si silabi ya mwisho kama chetu: huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Kwetu "meza" na "baza" vinatosha, kwao havitoshi. Kwa kuwa mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukitaka limeriki ya Kiswahili inayolia sawasawa, linganisha silabi mbili:

Bibi mmoja mpishi wa Lamu
Alipika pilau kwa hamu;
Akasahau mchele,
Zikapanda kelele,
Akasema, "Mchuzi mtamu!"

Mshororo wa mwisho ndio wenye kuuma. Hapo Lear simsifu: yule mzee wake ambaye bundi, kuku na ndege wengine walijenga viota kidevuni anaanza na "ndevu" na kumalizia na "ndevu" zilezile. Mchoro wake ndio unaochekesha.

*Mishororo mitano, basi si takhmisa?*

Nani anawafundisha haya? Takhmisa kwa asili ni kuchukua mishororo miwili ya mshairi mwingine na kuitangulizia mitatu yako. Ni kazi ya heshima na ya uvumilivu, na aliyelitungia takhmisa shairi la Liyongo hakuwa akitania.

*Lazima limeriki iwe ya matusi?*

Lear aliwatungia watoto.