Kidole Kilichonisimamishia Cherehani

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, na wikendi nikipata nafasi huenda Hell's Gate, ile hifadhi ya wanyama kule Naivasha, kukwea miamba. Kazi zote mbili zinategemea vidole, ndiyo sababu naandika haya. Mwaka juzi kidole kimoja kiliharibika nikiwa mwambani, nikakaa wiki nyingi nikiwarudisha wateja kwa sababu sikuweza kushika mkasi.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, baridi ile ya Naivasha ya kukufanya upulizie viganja. Tulikuwa kwenye mnara wa Fischer, lile jiwe refu la mita 25 hivi karibu na lango la Elsa, pimbi wakiota jua pale chini. Jana yake nilikuwa nimekwea kutwa nzima. Halafu kulikuwa na jambo nililolinyamazia: kwa siku kama kumi, kidole cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa kinaamka kigumu. Nikikunja ngumi asubuhi kinagoma, nikishapiga pasi nguo mbili tatu kinalegea. Nikajiambia kitapoa chenyewe.

Nilipanda bila kupasha mwili moto. Juu kidogo palikuwa na ukingo wa jiwe mwembamba kama kalamu. Niliukamata kwa vidole vilivyokunjwa kabisa, gumba likiwa limekandamiza kidole cha shahada, mguu wa kushoto ukateleza, na uzito wote ukabaki pale. Nikasikia "ta!", mlio kama wa kifungo cha chuma kikibanduka kwenye koti. Hata aliyeshika kamba chini aliusikia.

Nieleze kilichokatika, maana wengi hudhani ni mfupa. Ndani ya kidole mna kano, kamba ngumu inayovuta kidole kikunjike. Kano hiyo imeshikiliwa kwenye mfupa na vipete vya nyama ngumu. Fikiria suruali: mkanda ni kano, na vile vitanzi vya kiunoni ndivyo vipete. Kitanzi kimoja kikichanika, mkanda unatokeza nje ya kiuno. Ukikunja vidole kabisa kwenye ukingo mdogo, mzigo mkubwa unaangukia kitanzi kilicho karibu na shina la kidole, na kidole cha pete ndicho huumia mara nyingi. Misuli ya mkono hupata nguvu upesi; kano na vipete vyake huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mkweaji wa mwaka mmoja, kama nilivyokuwa, ana mkono wenye nguvu kuliko vidole vyake.

Nilipofika chini, rafiki mmoja mwenye nia njema alitaka kukivuta na kukikanda. Namshukuru Mungu nilikataa. Kidole kilicholia hivyo hakivutwi, hakikandwi, wala hakijaribiwi tena mwambani "uone kama kimepona". Nilikiweka kwenye maji baridi, nikakiinua juu ya moyo, nikakifunga pamoja na jirani yake kwa plasta ya kitambaa, kisha nikaenda hospitali. Walikipima kwa mashine ya mawimbi ya sauti: kipete kimoja kilikuwa kimechanika nusu. Ingekuwa vipete viwili au vitatu vimekatika kabisa, huenda ningehitaji upasuaji. Nilikaa wiki sita bila kugusa mwamba, nikifanya mazoezi mepesi niliyopewa, na ilichukua karibu miezi mitatu kabla ya kurudia kingo ndogo.

Sasa sipandi kabla ya robo saa nzima ya kupasha vidole moto, nikianza na njia rahisi zenye mashiko makubwa. Nashika kwa vidole vilivyonyooka zaidi kila jiwe linaporuhusu. Na kidole kikiamka kigumu, siku hiyo siendi. Hiyo ndiyo kanuni nisiyoibishania hata kama nauli imeshalipwa.

Kisha pete. Ndugu zangu mliooa na mlioolewa, vueni kabla ya kukwea. Pete ikinasa kwenye ncha ya jiwe au kwenye bolti nawe ukaporomoka, mwili wote unaning'inia kwenye kidole kimoja. Ngozi inaweza kuchunika kama glavu, na kidole kinaweza kung'oka. Kufunika pete kwa plasta hakusaidii. Yangu naitia kwenye pini na kuifunga ndani ya mfuko wa suruali. Na kama balaa limetokea kidole kikakatika, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, mkitie kwenye mfuko usiovuja, ndipo mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kimbieni hospitali.

Anayeshika kamba chini naye ana mikono. Mwenzangu mmoja aliachia kamba iteleze kiganjani wakati wa kumteremsha mtu, ikamuunguza mpaka malengelenge. Mkono wa breki, ule unaobana kamba isiteleze, hauachi kamba hata sekunde, na glavu za ngozi ni za lazima kwangu. Ukiungua, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia viacheni jikoni.

Michubuko ya kawaida, ile ngozi inayonyofoka kwenye nyufa za Hell's Gate, osha kwa maji na sabuni, funika, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Mpwa wangu wa Kisumu ana miaka 13 na amependa mchezo huu tangu nimpeleke Kit Mikayi kuona yale mawe, ingawa pale tulitazama tu, maana ni mahali pa ibada. Mwezi uliopita alinipigia: "Shangazi, kidole cha kati kinauma pale kwenye kiungo." Nilimwambia aache siku ileile, kisha nikamwomba mama yake ampeleke apigwe picha ya eksirei. Mifupa ya mtoto bado ina sehemu laini za kukulia, na kukunja vidole kwa nguvu kila siku kunaweza kuzivunja. Picha ilionyesha ufa mdogo. Daktari amempumzisha kukwea, na kila Jumapili jioni ananipigia kunieleza kama kidole bado kinauma.