Mwaka mzima hatujadukuliwa: je, huo ni ushahidi?

SWALI: Mimi ni ofisa TEHAMA wa SACCOS yenye wafanyakazi 60. Kila baada ya siku 30 mfumo unawalazimisha kubadili nywila. Meneja anasema mwaka umekwisha hatujadukuliwa, kwa hiyo utaratibu unafanya kazi. Nina mashaka, ila sina cha kumjibu. Sayansi inaweza kunisaidia?

JIBU: Mpe kwanza hesabu hii. Tuseme kila mwezi mlikuwa na hatari ya asilimia 10 ya kuingiliwa, yaani hali mbaya kwelikweli. Uwezekano wa kuvuka mwezi mmoja salama ni 0.9. Zidishia miezi 12, 0.9 kwa 0.9 mpaka mwisho, unapata 0.28. Kumbe hata ofisi iliyo hoi kiasi hicho ina nafasi zaidi ya robo ya kumaliza mwaka bila tukio! Na hapo tumekubali kwamba kila mdukuzi akiingia mnamwona, jambo ambalo mimi siwezi kulitia sahihi.

Kasoro ya hoja ya meneja ni kwamba haishindwi. Msipodukuliwa, utaratibu umefaulu. Mkidukuliwa, atasema siku 30 zilikuwa nyingi, tufanye 15. Sayansi inataka nadharia tete, yaani dai la kupimwa, inayoweza kuanguka. Kwa mfano: aliyeiba nywila ya zamani hawezi kuitumia kubahatisha mpya.

Hilo lilishapimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichunguza nywila za akaunti zaidi ya 7,700 ambazo hazikuwa zikitumika tena. Kwa asilimia 17 ya akaunti hizo, aliyeijua nywila iliyotangulia angeipata inayofuata kwa majaribio yasiyofika 5. Ndivyo tulivyo: Asha.Machi inakuwa Asha.Aprili. Mimi mwenyewe nimeshainua kibodi zaidi ya moja nikakuta karatasi ya njano yenye nywila imebandikwa chini yake. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa ratiba, ila pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Kwenu, msihesabu udukuzi. Ni tukio adimu; kwa watu 60 mtasubiri miaka. Pimeni kinachotokea kila wiki. Mtu anapobadili nywila, fomu hudai ya zamani na mpya kwa pamoja. Programu ndogo inaweza kuhesabu papo hapo ni herufi ngapi zimebadilika, ikahifadhi namba hiyo tu; zikibadilika chache, mpya ni rahisi kubahatishwa. Nywila zenyewe zisibaki popote, hata kwenye logi (kumbukumbu za mfumo). Kisha wagawe wafanyakazi kwa kura: 30 waendelee kama zamani, 30 waachiwe nywila moja ndefu, na wote 60 wawe na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na kithibitisho cha pili, kama namba inayotokea kwenye simu. Iwe kura kweli, maana ukichagua mwenyewe, walio makini watajikuta kwenye kundi unalolipenda. Kwa miezi 3 linganisha maombi ya "nimesahau nywila" kutoka kila upande.

Kabla ya yote pata kibali cha maandishi, na humo meneja aandike namba: herufi zikibadilika chache kiasi gani, ataufuta utaratibu wake? Akikataa kutaja namba, usianze.