Maswali ya Wasomaji: Manispaa ya Marstal ilikwenda wapi?

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Juzi gatini nilikaa na mgeni mzee kutoka Denmark aliyekuwa akiwatazama mafundi wakikalafati jahazi. Aliniambia kwao ni Marstal, mji wa mabaharia katika kisiwa cha Ærø, na kwamba mji huo ulikuwa na manispaa yake hadi ilipofutwa. Ilifutwa kwa nini? — Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu msomaji. Manispaa ya Marstal ilikoma tarehe 1 Januari 2006, ilipounganishwa na jirani yake wa pekee, Ærøskøbing, ikazaliwa manispaa moja ya kisiwa kizima. Neno "kufutwa" ni kali kidogo, ila ukiijua historia ya miji hiyo miwili utaelewa kwa nini mzee huyo alilichagua.

Ærø ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 30 hivi na wakazi wapatao 6,000, na hakina daraja. Hata leo hufikiwa kwa feri. Hadi 1864 kilikuwa chini ya utawala wa Schleswig, eneo la mpakani kati ya Denmark na Ujerumani, na humo kisiwani Ærøskøbing ndio uliokuwa mji wenye idhini rasmi ya biashara, huku Marstal ikihesabiwa kuwa kijiji tu. Wanakijiji hao, waliokosa cheo nchi kavu, walikitafuta baharini. Kuanzia 1825 walijijengea wenyewe ukuta wa kuvunja mawimbi, unaokaribia urefu wa kilomita moja, wakipanga mawe makubwa majira ya baridi, wakati ambao merikebu zimetia nanga na mabaharia wako majumbani, kama manahodha wa huku walivyokuwa wakingoja upepo ugeuke. Mwishoni mwa karne ya 19 mji huo mdogo ulikuwa na merikebu za matanga zaidi ya 300, na baadhi yake zilivuka Atlantiki hadi Newfoundland kupakia samaki wa chumvi, ng'onda wa kwao tuseme, na kuwapeleka kusini mwa Ulaya. Chuo cha mabaharia kiko Marstal mpaka leo.

Mageuzi ya manispaa za Denmark ya 1970 yaliacha manispaa mbili kisiwani, yaani Marstal upande wa mashariki, na Ærøskøbing iliyobeba sehemu iliyosalia. Kwa maoni yangu, mabaraza mawili kwa watu wachache kiasi hicho yalikuwa anasa. Serikali ya Denmark ilipotayarisha mageuzi ya 2007, yaliyopunguza manispaa za nchi kutoka 271 hadi 98, ilitaka kila moja iwe na wakazi wasiopungua 20,000, au la, ishirikiane na jirani mkubwa katika baadhi ya huduma. Watu wa Ærø hawakungoja kusukumwa, kwani waliungana mwaka mmoja kabla, kisha wakaichukua njia ya ushirikiano, na kwa hiyo kisiwa kikabaki na baraza lake badala ya kutawaliwa kutoka ng'ambo. Sisi tulioona mabaraza yetu ya mitaa yakivunjwa 2013 na kazi zake kuhamia kaunti tunajua kwamba swali la kwanza mitaani huwa ni ofisi itakaa wapi.

Huko Ærø jibu lilikuwa Ærøskøbing, mji uleule wa idhini ya zamani, na nadhani hapo ndipo mgeni wako alipoumia.