Maswali ya Wasomaji: Mama ana demensia, watafiti wanataka ushauri wake

SWALI: Assalamu alaykum. Mama yangu ana demensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, bado iko mwanzoni. Watafiti wa chuo kikuu wametualika, yeye na mimi, katika jopo la washauri litakalokutana kwa video. Kaka zangu wanasema ni ujanja wa kumjaribia dawa. Na mtandao huku hukatika-katika. Tufanyeje?
Binti, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Kaka zako wamechanganya mambo mawili. Mshiriki wa utafiti ndiye anayepimwa damu au kumbukumbu, au anayepewa dawa. Mshauri hapimwi. Yeye huipitia fomu ya ridhaa na kusema isipoeleweka, na huyakosoa maswali kabla hayajapelekwa kwa watu. Siku mtu akianza kumuuliza mama tarehe huku anaandika alama, huo si ushauri tena, na unahitaji ridhaa nyingine.

Na wanamhitaji kweli. MMSE, kipimo cha kumbukumbu chenye alama 30 kilichotungwa Marekani mwaka 1975, huuliza huu ni msimu gani. Mzee wa Lamu atajibu kaskazi au kusi, yaani majira ya pepo za pwani, na mpimaji asiyejua pwani atamkata alama. Muulize siku, Alhamisi baada ya magharibi, huenda akasema Ijumaa, na kwa hesabu yake, ambayo siku huanza jua likizama, yuko sawa. Kutoa saba saba kuanzia 100 nako hupima shule kama kunavyopima akili. Makosa ya namna hii hayaonekani kutoka ofisini.

Kabla ya kukubali, tafuteni wenyewe namba ya chuo hicho mpige, msitegemee ile iliyowapigia. Utafiti ukiwa bado unaandikwa, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti Kenya, huenda havijatoka. Hilo si kosa, ila lazima viwepo kabla mtu yeyote hajapimwa. Anayedai ada ya kujiandikisha au PIN ya M-Pesa ni mwizi, hana utafiti. Ulizeni pia kama mazungumzo yatarekodiwa, nani atayahifadhi na yatafutwa lini: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti.

Kuhusu mtandao, ombeni simu ya sauti. Video ya kikundi yaweza kumaliza GB 1 kwa saa moja, na picha ikiganda mgonjwa hupoteza uzi wa mazungumzo. Bando litumwe kabla ya kikao. Kungoja kurudishiwa ni kumkopesha mtafiti. Kikao kiwe cha dakika 40 hivi, watu wasizidi watano, mada mbili tu. Karatasi zifike wiki moja kabla, zimechapwa kwa herufi kubwa, saizi 16. Chagueni asubuhi, kwa kuwa wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jioni inapokaribia. Na saa iandikwe kwa maneno, "saa nne asubuhi": mwaliko ukisema 10:00, mama atajiweka tayari alasiri.

Kundi la WhatsApp likataeni. Kila aliyemo huona namba za wenzake, na Lamu namba moja yatosha kujua ni nyumba ya nani.

Neno lako wewe: usimjibie. Akiulizwa, ngoja kimya, hata ukimya ukikukera. Wewe pia una la kusema kama mtunzaji, basi omba zamu yako. Siku akisema hataki, iwe hataki, hata kama jana alikubali.

SWALI: Mimi ni muuguzi, naandaa jopo kama hilo. Niwalipe wazee?
Muuguzi, Malindi

JIBU: Ndiyo. Taja posho kabla ya kikao, pamoja na gharama za simu, na mtunzaji alipwe pia. Linalotutia wasiwasi zaidi ni utakaowapata. Ukialika kwa simu janja tu, utapata watoto wa mjini wakiwasemea wazazi, na mzee wa kijijini anayezungumza Kigiriama hutamsikia kabisa. Mwombe mhamasishaji wa afya wa jamii akae naye na simu moja, na mkalimani awe kwenye laini. Baadaye mtumie kila mshauri ujumbe wa sauti wa dakika mbili: maoni yapi yamebadilisha utafiti, yapi yameachwa, na kwa nini. Usipofanya hivyo, mwaliko wa pili hawatauitikia.