Chuchumaa kwanza, mdogo wangu

Wiki iliyopita, alfajiri, simu inalia. Picha kutoka kwa kijana wetu mpya: mavi, majani makavu, basi. Chini kaandika, "Mkuu, simba huyu, bado mbichi kabisa." Niliikodolea macho mpaka chai ikapoa. Hakuna kisu pembeni, hakuna kiatu, hakuna hata shilingi mia ya kulinganishia. Kwa picha ile angeweza kuwa simba, fisi, au mbwa wa mwenyekiti wa kijiji. Kisha nikakumbuka nilivyokuwa mimi, hasira ikapungua. Haikuisha.

Basi haya ya kusoma mavi ya wanyama ni yenu mnaoanza kazi ya askari wa wanyamapori, hasa mnaopangiwa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha. Kwenye ripoti andikeni "kinyesi". Hapa tuko wenyewe.

1. Kung'aa si ubichi. Umande hulifanya hata bonge la juzi liwe kama limetoka sasa hivi. Livunje, tazama ndani. Bonge la tembo likipigwa jua hukauka ganda, moyo wake ukabaki umelowa. Ukikuta lina uvuguvugu usijisifu, tazama nyuma yako. Na wadudu wasikudanganye. Wakati wa mvua mbawakawa wanafika hujafungua hata daftari, ila kiangazi rundo linaweza kukaa siku nyingi halijaguswa. Kuna mmoja alitusimamishia doria kwa muda wa saa mbili tumejibanza kichakani: "Tembo wako karibu, hakuna hata mdudu!" Ilikuwa Septemba.

2. Kuvunja ni kwa kijiti na glovu. Mavi ya wala nyama hubeba mayai ya tegu, na tegu hajali cheo.

3. Rundo. Hapa niacheni nikae chini kidogo.

Mwaka wangu wa tatu kazini, chui alikuwa anamaliza mbuzi wa mama mmoja mjane. Wanne walikuwa wamekwenda. Nikafika na buti zangu mpya, nikazunguka boma, na hatua kama mia mbili hivi, chini ya mbuyu kando ya korongo, nikakuta rundo. Mavi manene, mengi, mengine ya zamani mengine ya jana, na juu juu naona manyoya. Sikuchuchumaa. Nilisimama, mikono kiunoni, nikatangaza mbele ya watu: chui dume, mkubwa, ndiyo njia yake hii. Nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti na kusaini.

Watu wanane tukakiburuta kizimba cha mtego mpaka pale, tukaweka chambo cha matumbo. Asubuhi mlango umeanguka. Kijiji kizima kikaja, watoto wamepandishwa mabegani, wazee na mikuki. Ndani yumo fungo, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa, kashiba, anatutazama kama wageni tusiobisha hodi. Nikamfungulia. Nikasema ameingia kwa bahati mbaya. Usiku wa pili akaingia tena, na naapa ni yule yule. Usiku wa tatu chui akachukua mbuzi wawili upande wa pili wa boma.

Mama hakunifokea. Angenifokea ningepona mapema. Alinitazama tu: "Mwanangu, si fungo huyo? Anajisaidia pale tangu baba wa watoto yuko hai. Tulidhani wewe unajua zaidi." Na mtoto wake mchunga mbuzi akanishika mkono, akanipeleka kwenye njia ya ng'ombe: kamba ya mavi imekatika vipande, ncha moja imechongoka, manyoya ya mbuzi na vipande vya mifupa ndani, na kando yake ardhi imekwanguliwa. Buti langu lilikuwa limepita nusu hatua tu kutoka pale, siku ya kwanza kabisa.

Nilirudi kwenye mbuyu nikiwa peke yangu. Nikachuchumaa, nikavunja. Pete za majongoo, tele, kama shanga zilizokatika uzi. Mbegu za matunda, mabawa ya wadudu, manyoya ya panya. Fungo ana kilo kumi na kitu lakini mavi yake yanamzidi umri, na hurudi choo kile kile usiku hata usiku. Chui huacha yake njiani apitapo, harundiki hivyo. Chuoni nilifundishwa, tena nilipata swali hilo kwenye mtihani.

Wenzangu wananiita Afande Fungo mpaka leo.

4. Meupe kama chokaa ni ya fisi, kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Siyo "simba mgonjwa", kama nilivyosoma kwenye ripoti moja nisiyoisema ni ya nani.

5. Kete ndogo zilizotapakaa, na nyayo kubwa pembeni: twiga. Zinaanguka kutoka mbali, unategemea nini?

6. Mkipelekwa kwenye faru, tazameni vijiti ndani ya mavi. Vya faru mweusi vimekatwa kimshazari, kama kwa mkasi. Vya tembo vimechanwa nyuzinyuzi.

7. Ulizeni wachunga mbuzi kabla hamjashusha kizimba kwenye gari. Ni wazito, hivyo vizimba.

Na wewe wa picha: rudi pale, weka kisu pembeni, vunja, piga tena. Ukikuta jongoo, usimwambie mtu mpaka unipigie mimi.