Friji Linalozima Usiku, Rili ya Bei Mbaya na Beseni la Maji Moto Ufukweni

SWALI: Nimenunua friji la gari la lita 45, lile la kompresa, kwa bei ambayo nyumbani nimetaja nusu yake tu. Limekaa nyuma ya Prado, na betri ya pili ya asidi, ampea-saa 100, iko mbele chini ya boneti. Tukilala Luchelele, ikifika saa nane usiku linazima na kuwasha alama ya hitilafu. Asubuhi minofu ya sato imeshalainika. Fundi anaapa betri ni nzima. Nibadilishe friji? – *Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Friji ni zima na betri ni nzima. Mgonjwa ni waya. Bila shaka umelichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara lililoko kwenye buti, na waya wa tundu hilo mara nyingi ni mwembamba, milimita za mraba 1.5 hivi. Piga hesabu: kutoka betri hadi friji ni mita 5, na kurudi mita 5, jumla 10. Friji likivuta ampea 5, waya huo unakula zaidi ya nusu volti njiani. Usiku wa manane betri yako inasoma 12.2, lakini friji linaona 11.6. Kinga yake ya betri, ikiwa imewekwa daraja la juu, inadhani gari linakaribia kushindwa kuwaka, hivyo inalizima.

Usibishane na fundi, pima. Subiri kompresa ingurume, kisha pima volti kwenye nguzo za betri na pale plagi ya friji inapochomekwa. Tofauti ikizidi 0.3, vuta waya mpya wa milimita za mraba 6. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na nguzo ya chanya. Waya wa hasi nao uufikishe kwenye betri yenyewe, usiufunge kwenye boliti ya bodi yenye kutu. Mwisho shusha kinga hadi daraja la kati; betri ya pili haiwashi injini.

Hata hivyo, usitarajie miujiza. Kwa joto la Mwanza friji la namna hii hula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Una siku moja na kidogo tu. Ligandishe nyumbani kwa umeme wa ukutani, pakia vinywaji vikiwa tayari baridi, na usibane matundu ya feni kwa mabegi. Kreti ya soda ya moto ikiingia humo saa kumi jioni, kompresa haitapumzika hadi usiku mwingi.

SWALI: Nina rili (gurudumu la kukunjia mshipi) ya kuvulia baharini, nimeagizia Dubai, na ufito wa kaboni. Upande wa Rubondo sangara wawili wakubwa wamenikatia mshipi. Ninunue rili kubwa zaidi? – *Msomaji, Capri Point*

JIBU: Hapana. Sehemu ya pesa uliyotoa ililipia kinga dhidi ya chumvi, na ziwa letu halina chumvi. Ya muhimu ni breki, yaani mkazo wa rili unaoamua mshipi uachiwe samaki akivuta kwa nguvu kiasi gani. Sangara mzito kuliko wote katika rekodi ya dunia ya uvuvi wa ndoana alikuwa na kilo 104, akavuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Rili yako inamudu wadogo zake wote.

Tazama ncha iliyobaki mkononi. Ikiwa imechanuka manyoya, mshipi umesagwa na mwamba au mdomo wa samaki. Sangara hana meno ya kukata kama ya papa, ila mdomo wake ni msasa, na kingo za mashavu yake ni kali. Ncha ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza. Ikiwa imekatika safi mbali na fundo na samaki alikuwa anakimbia, shuku breki iliyokazwa mno.

Mshipi wa kusokotwa wa kilo 25 unataka breki ya kilo 6 hadi 8. Ipime kwa mizani ya ndoano, ufito ukiwa umeinama, mkono hudanganya. Mbele yake unga nailoni nene ya kilo 45, urefu wa mita 2, na ulilowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Lisipolowa linapata joto na kujichoma lenyewe. Aliye chini ya sentimita 50 mrudishe majini, ndiyo sheria. Na kwa kuwa ngurumo za ziwani hupamba moto usiku hadi alfajiri, ukiona umeme laza ufito chini, urudi nchi kavu. Kaboni inapitisha umeme.

SWALI: Tumenunua beseni la kukunja la lita 1,000 lenye jiko la kuni, tuoge maji moto kambini. Maji tuvute moja kwa moja ziwani? – *Dada wawili, Ilemela*

JIBU: Msivute na kuingia papo hapo. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi, na maji ya nyuzi 38 hayawaui. Chujeni kwa kitambaa kizito ili konokono wasipite, jazeni simtanki lenye mfuniko, na muyaache saa 48. Bila mwili wa kuingia, vijidudu hivyo hufa. Kwa hiyo tanki litangulie kambini siku mbili.

Kutoka nyuzi 25 hadi 38 ni kilo 8 hadi 10 za kuni kavu, saa mbili au zaidi. Hakikisheni maji yanazunguka kwenye koili (bomba la jiko linalopashia maji) kabla ya kuwasha moto, na moto uzimwe kabla ya kumwaga maji. Koili kavu huungua. Beseni likijaa ni tani moja kabla hamjaingia, kwa hiyo liwekwe kwenye mchanga uliosawazishwa. Likae mbali na njia ya viboko, ambayo mtaitambua kwa nyasi zilizolala na mitaro miwili sambamba.

SWALI: Hema la juu ya gari linanuka uvundo. – *Msomaji, Igombe*

JIBU: Ulilifunga likiwa bichi. Lifungue leo hii juani, godoro ulisimamishe pembeni, na turubai ulisugue kwa siki na maji nusu kwa nusu. Sabuni ya unga iache, inaondoa kinga ya mvua.